Dakika Kumi za Taa Nyekundu

Arlys Niemela alikuwa amekibonyeza kitufe cha Kimya mara arobaini asubuhi hiyo, na mkutano wenyewe ulikuwa bado haujaanza. Nyekundu, kijani. Nyekundu, kijani. Vidole vyake havikujua kukaa. Vikimaliza kubonyeza vilipiga ngoma juu ya meza, vikichoka na meza vilihamia kwenye goti, na goti lenyewe lilikuwa linaruka kwa hesabu zake.

"Ukiendelea hivyo utakimaliza," mumewe Duane alisema kutoka jikoni. "Kile kitufe kimetengenezwa kistahimili mibonyezo milioni hamsini. Ila sidhani waliokitengeneza walikuwa wanakujua wewe."

"Nakijaribu tu."

"Unakijaribu tangu saa kumi na moja alfajiri. Mpaka paka amehama chumba."

"Duane, chapati yako inaungua."

"Haiungui. Inapata rangi."

"Basi imeshapata. Igeuze."

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Aprili, na nje ya dirisha mji wa Duluth, Minnesota, ulikuwa umemezwa na theluji kana kwamba kalenda haikuhusika. Ziwa halikuonekana. Gari la Duane nalo halikuonekana, na lilikuwa limeegeshwa hatua sita tu kutoka mlangoni. Kwa ajili ya theluji hiyo Ushirika wa Umeme wa Bonde la Tamarack uliahirisha mkutano wake wa mwaka mara mbili, kisha ukaamua kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu babu zao wasimamishe nguzo za kwanza, wanachama hawatakutana kwenye ukumbi wa shule ya sekondari. Kila mtu atabaki kwake, atazame kompyuta yake. Na wa kuendesha mkutano huo, wa kufungua milango, kunyamazisha mbwa na kuhesabu mikono, alikuwa Arlys.

Kazi tatu zilishamfia mikononi. Kiwanda cha karatasi kilifungwa akiwa na miaka kumi na tisa ndani yake. Ofisi ya kukatisha tiketi za ndege kwa simu ilihamishiwa kwa mashine. Kampuni ya bima ilimuaga kwa barua pepe yenye picha ya maua. Sasa ana miaka hamsini na saba, na Duane mgongo wake ulishastaafu kabla ya Duane mwenyewe. Walikuwa wamekaa mezani Januari wakakubaliana: asipopata kazi ya maana kabla ya majani kuchipua, nyumba hii ya mlimani inauzwa, na wao wanahamia mji wa Fargo, kwenye chumba cha chini nyumbani kwa LaVonne, dada yake Duane.

Kristin Haugdahl, meneja wa ushirika, alimweleza waziwazi kadiri watu wa kule wanavyoweza kueleza jambo waziwazi.

"Tungependa sana tuwe na mtu wa kudumu, Arlys. Mikutano kumi na minne kwa mwaka, yetu na ya wilaya zetu. Lakini hilo litategemea na Kifungu cha Tisa kupita. Na siku yenyewe iende, unajua, vizuri."

Maana yake: wanachama wakikubali kwamba kuanzia sasa mikutano yote iwe ya video, na wewe usipoharibu, kazi ni yako. Wakikataa, au ukiharibu, Fargo.

Kwa hiyo hawakulala, yeye na vidole vyake.

Kibao chenyewe hakikuzidi ukubwa wa kipande cha mkate. Vitufe kumi na viwili, mistari minne ya vitatu vitatu. Duane, fundi umeme wa kiwanda kwa miaka thelathini, alikiunganisha waya kwa waya kwenye gereji. Arlys ndiye aliyekifundisha kusema. Programu ya mikutano ina njia zake za mkato, lakini zinataka ushike vitufe vitatu vya kompyuta kwa pamoja, vidole vimejipinda kama mtu anayefungua chupa ya dawa yenye kifuniko cha kuwazuia watoto, na ukikosea kimoja unajikuta umechapisha nyaraka. Kwenye kibao, njia yote hiyo inakuwa mguso mmoja. Kimya. Picha. Ingiza. Nyamazisha Wote. Kura. Muziki. Alivipaka rangi ya kucha ili asibabaike: waridi, buluu, rangi ya machungwa. Kile cha mwisho kabisa, Funga, kinachowatoa watu wote nje ya mkutano kwa mpigo, alikipaka nyekundu iliyokolea na kukifunika kwa kijikofia cha chuma cha mshonaji, kidole kisije kikakiangukia.

Juu ya Kimya palikuwa na taa ndogo. Kijani: wanakusikia. Nyekundu: hawakusikii.

Sasa, taa ile ilikuwa na siri yake, na Arlys aliijua. Kibao hakioni. Kinapeleka amri kwa dirisha lolote lililo mbele kwenye kioo, liwe la mkutano au la mapishi. Na taa haiulizi mtu kama amri imefika. Inahesabu mibonyezo tu. Ukibonyeza mara moja inakuwa nyekundu, ukirudia inakuwa kijani, hata kama umebonyezea hewani. Ndiyo maana alikata karatasi ya njano, akaandika kwa herufi kubwa MKUTANO MBELE KWANZA, akaibandika kwenye ukingo wa kioo, pale macho yake yasipoweza kuikwepa.

Saa nne kasorobo Kristin alimpigia. "Nimekupa mamlaka yote ya mkutano. Mimi sina hata kitufe kimoja, nikisaidia nitaharibu. Ah, na majina ya washindi wa bahati nasibu nimekutumia sasa hivi."

Arlys akayachapisha majina, washindi kumi, wa kwanza wao akipewa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa, akaibandika karatasi hiyo mahali pa kwanza alipoona nafasi. Kwenye ukingo wa kioo. Juu ya karatasi ya njano.

"Nipe simu yako," Duane akasema. "Isije ikalia katikati."

Akaizima sauti, akaitia kwenye droo ya mikate, akafunga droo.

*

Walianza kuingia saa nne kamili, na kwa kuwa ni watu wa Minnesota, kila aliyeingia aliomba radhi kwa kuingia. Visanduku vikajaa kioo: mapaji ya nyuso, dari, feni za dari, pua moja kubwa iliyokuwa inatafuta mahali pa kuzungumzia. Arlys mwenyewe hakuonekana; kisanduku chake kilikuwa cheusi chenye jina tu, maana mwendesha mkutano hapaswi kutazamwa. Aliingiza watu mia mbili na kumi na wanne kwa kidole kimoja. Mbwa akabweka kwa akina Lofgren, Arlys akamzima kabla hajamaliza sentensi yake. Mtu alikuwa anakaanga nyama jirani kabisa na kompyuta, akazimwa. Mwenyekiti, Vernon Skogstad, alipoanza kuongea bila sauti, mdomo ukienda kama samaki, Arlys akamgusa na sauti ikaja.

"...wa tisini na moja," ndilo neno la kwanza la Vernon kusikika, na wanachama wote wakajua wako wapi. Vernon alikuwa mwenyekiti kwa miaka kumi na tisa, na kila mwaka alianza na dhoruba ya barafu ya mwaka tisini na moja na ile nguzo aliyoikwea peke yake.

Mambo yakaenda. Ripoti ikaenda. Mhasibu akaenda, taratibu, lakini akaenda. Arlys alikuwa amekalia ukingo wa kiti, mgongo haujagusa kitu, kisigino kinapiga sakafu. Kila baada ya dakika mbili alijiambia "tulia," na kila baada ya dakika mbili kisigino kilimwambia "tulia mwenyewe."

Kikaja Kifungu cha Tisa. Kristin akakisoma chote, kwa sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka. Vernon akakohoa.

"Haya. Ni ukurasa wa nne wa vile vitabu mlivyotumiwa. Tuwape watu dakika kumi wasome kwa utulivu, halafu tupige kura. Arlys, kama si taabu."

"Si taabu hata kidogo, Bwana Vernon," Arlys akasema, taa yake ikiwa kijani. "Dakika kumi, wapendwa. Nitawawekea muziki. Tukirudi, anayekubali atainua mkono wake kwa kile kitufe nilichowaonyesha."

Akalivuta mbele jedwali la majina ya wanachama, ili awe tayari kuhakiki mikono, nalo likafunika kioo karibu chote. Pembeni ukabaki ukanda mwembamba wenye nyuso sita. Akabonyeza Kimya. Nyekundu. Akabonyeza Muziki. Kitaa cha buluu cha kitufe hicho kikawaka. Kwenye jedwali, mbele ya jina la Orville Tuominen, zikatokea alama mbili za ajabu. Arlys akadhani kiwiko chake kimegusa kitu. Akazifuta. Akavua hedfoni, masikio yalikuwa yanawaka moto, akapumua kama mtu aliyetolewa majini.

Duane akaja na sahani ya chapati za maji na kahawa, akavuta stuli.

"Vernon amemaliza?"

"Vernon ana kumaliza? Amepumzika tu. Duane, ile nguzo! Mwaka jana ilikuwa futi thelathini. Leo nimesikia kwa masikio yangu, arobaini na tano. Wakimwongezea miaka mitano kwenye kiti, ndege itabidi zipite kando."

Duane alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sosa. "Na yule binti?"

"Kristin? Mtoto mzuri. Ila anasoma kama maandishi ya nyuma ya chupa ya sabuni. Ukurasa mmoja na nusu, kwa mujibu wa hiki na kwa kuzingatia kile, kumbe kinachosemwa ni maneno matatu."

"Yapi?"

"Hakuna ukumbi tena."

Duane akaacha kutafuna. "Kabisa?"

"Kabisa. Wala si kwa ajili ya theluji. Hata Juni jua likiwaka. Kila mtu kwenye kisanduku chake mpaka kiama."

"Si ndiyo tunachokitaka?"

"Ndiyo tunachokitaka," Arlys akasema, akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Akakaa, akasimama tena. Akachukua uma, akauweka. "Mwaka jana nilikaa na Gladys Bergstrom pale ukumbini. Mumewe alikuwa amezikwa Februari. Hakulitaja, na mimi sikulitaja. Alinifundisha tu kukunja vitambaa vya meza, kona kwa kona. Saa nzima, Duane, tunakunja vitambaa. Tulipomaliza vyote akavikunjua vichache ili tuanze upya. Sasa kwenye kisanduku yule mama atakunja nini?"

Duane akatega sikio. Alikuwa anaujua wimbo wa kisigino cha mkewe, na hiki kilikuwa kimebadilisha mwendo.

"Watu hawaji pale kwa ajili ya umeme," Arlys akaendelea. "Umeme wanao. Wanakuja kula chapati zisizoiva na kuulizana kuhusu magoti. Hao wengine tangu Novemba hawajaona sura ya mtu zaidi ya mleta barua. Na mimi ndiye niliyekaa hapa na vitufe vyangu vya rangi ya kucha, nawasaidia kufunga mlango."

"Wewe hupigi kura. Wewe ni wa kubonyeza."

"Ningepiga, ningepiga hapana. Halafu ningepakia masanduku twende Fargo nikaishi chini ya LaVonne."

"LaVonne si mbaya."

"LaVonne anapiga pasi soksi."

"Soksi za kanisani tu."

"Anapiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo, Duane! Nikikaa pale mwezi mmoja atanipiga pasi na mimi, anikunje, aniweke kabatini." Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Akakaa. Safari hii mikono aliikalia, ili itulie. "Naogopa, mzee wangu. Kazi tatu. Kila moja niliipenda, na kila moja ilinipa mkono wa kwaheri kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Hii naitaka mpaka meno yananiuma. Na sitaki ipite. Mtu anawezaje kutaka hivyo vyote viwili asubuhi moja?"

Duane akamsogezea sahani. "Kula. Tumbo likiwa tupu kila kitu ni Fargo."

Kwenye ule ukanda wa nyuso sita hakuna aliyetikisika. Hata mtoto wa akina Lofgren alikuwa ametulia, kijiko mdomoni.

"Waone," Arlys akasema. "Wanavyosoma. Kama wako kanisani."

*

Saa ikalia. Arlys akavaa hedfoni, akafuta mikono, akalisukuma jedwali nyuma na kuuleta mkutano mbele.

Jambo la kwanza aliloliona ni ukimya: hapakuwa na muziki. La pili, ukingo wa kisanduku kimoja uliokuwa umezungukwa na mstari wa njano, ule unaomzunguka mtu anayesikika. Kisanduku kilikuwa cheusi. Kilikuwa na jina lake. Duane alipoweka kikombe kwenye sosa, mstari ule ukamemeta.

Upande wa kulia, ujumbe ulikuwa umepangana.

Orville Tuominen alikuwa ameandika: "Sauti ziko safi sana leo. Pongezi kwa wahusika."

Mama Lofgren: "Arlys, kuna kitufe mahali fulani nadhani, lakini usijisumbue, sisi tuko sawa."

Mtu aitwaye Dale wa barabara ya saba: "Mimi pia nilifikiri ilikuwa thelathini."

Chini yake, kutoka kwa mtu ambaye Arlys hakumfahamu kabisa: "Fargo si mbaya sana wakati wa kiangazi."

Na peke yake pembeni, ujumbe wa siri wa Kristin, mara sita: "Kimya." "KIMYA." "Arlys maikrofoni." "Pokea simu." "Arlys." "Basi."

Arlys akaitazama taa. Nyekundu, imekaa kwa amani yake, haina habari. Akaitazama karatasi ya washindi kwenye ukingo wa kioo, akainyanyua kona, na chini yake akaiona ya njano. MKUTANO MBELE KWANZA.

Dakika kumi. Watu mia mbili na kumi na wanne. Na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyefungua kinywa kumwambia mama wewe tunakusikia, kwa sababu hiyo ingekuwa kumwaibisha.

Duane alikuwa ameshasoma ujumbe juu ya bega lake. "Sikusema kitu kibaya juu ya mtu," alinong'ona. "Mimi nilimtetea LaVonne."

Kidole cha Arlys kilikwenda chenyewe kwenye kile kijikofia cha chuma. Mguso mmoja tu. Funga. Wote wapotee, kioo kiwe cheusi, kesho aseme theluji ilikata umeme. Na nani angembishia, tena ushirika wa umeme? Akakitoa kijikofia. Akakiweka kidole juu ya wekundu ule. Kitufe kilikuwa baridi.

Mara ya kwanza tangu alfajiri, kidole hakikutikisika. Ndipo alipokiondoa.

"Nadhani," akasema, "mmenisikia."

Watu waliangalia vikombe vyao.

"Kidogo tu," Vernon akasema.

"Kiasi gani, Bwana Vernon?"

Vernon akajikuna shingo. "Kuanzia kwenye nguzo."

"Basi mmesikia yote. Naomba radhi. Kwako, kwa Kristin, na kwa mama Gladys zaidi. Taa yangu iliniambia uongo, na mimi ndiye niliyeifundisha. Lakini kuna jambo hamwezi kupiga kura bila kulijua, kwa hiyo nalisema maikrofoni ikiwa wazi na mimi najua iko wazi. Kifungu hiki kikipita, mimi napata kazi. Kwa hiyo hamkupaswa kusikia maoni yangu, ya kukipenda wala ya kukichukia. Yaondoeni kichwani kama mnaweza. Someni ukurasa wa nne. Mimi nanyamaza sasa, na safari hii nitahakikisha."

Akahakikisha. Akatazama mstari wa njano ukizimika. Kisha akabonyeza Kura.

Hakuna kitu kirefu kama mikono ya video inavyopanda. Mmoja. Mitatu. Kisigino cha Arlys kilikuwa kimeanza tena. Tisa. Ishirini, wote wa upande wa ziwa, vijana wenye watoto na safari ndefu. Arobaini. Duane alikuwa amemshika bega, na hakujua mwenyewe anamshika ili ainuke au akae. Hamsini na nane. Sitini na moja.

Ikakoma.

"Wanaokataa," Vernon akasema.

Mikono mia moja arobaini na tisa. Wanne walisahau kitufe kiko wapi, nao hawakutaka kumsumbua mtu. Wa kwanza kabisa kuinuka, kabla Vernon hajamaliza neno, ulikuwa wa Gladys Bergstrom. Na kwa kuwa hakukiamini kitufe, aliinua na mkono wenyewe, juu kabisa, mpaka ukatoka nje ya kisanduku.

Arlys akaandika hesabu, akaihakiki mara mbili, akaitangaza kwa sauti ya kawaida. Akamtangaza na Orville kuwa mshindi wa paja la nguruwe, akachukue ofisini barabara zikifunguka. Mkononi hakuwa na kitu tena cha kupoteza, na alishangaa jinsi mikono ilivyo mizito ikiwa mitupu.

*

"Haya basi," Vernon akasema, akajipiga magoti kwa viganja. "Nadhani ndiyo hivyo."

Mgeni angedhani mkutano umekwisha. Arlys, aliyezaliwa kule, alijua kwamba hapo ndipo kuaga kunapoanza, na akakirudisha kijikofia juu ya kitufe. Hakuna aliyeondoka. Mtu aliuliza theluji ni inchi ngapi kwao. Mtu akasema kwao ni zaidi, lakini si kwa ubaya. Akina Lofgren wakamleta mbwa aombe radhi. Mara ya pili Vernon akajipiga magoti kwa viganja, haya basi, na Dale wa barabara ya saba akakumbuka habari ya dada yake. Dakika ishirini. Thelathini.

"Arlys," Gladys akasema ghafla, uso wake karibu mno na kioo, "vile vitambaa ninavyo huku. Boksi zima. Vimekunjwa vibaya."

"Vilikunjwa na nani, mama?"

"Na wewe."

Kicheko kikapita kisanduku hadi kisanduku. Arlys aliinamisha kichwa akawa anatafuta kitu chini ya meza, na hakukuwa na kitu chini ya meza.

Vernon alisubiri wote watulie. Alikohoa. Alitazama dari yake.

"Pale ukumbini," akasema, "kuna ile meza ya upande wa kaskazini, karibu na soketi. Haina kazi. Kuna wenzetu ambao hata pasipo theluji hawafiki, magoti na nini. Sijui. Mtu mwenye kibao angeweza kukaa hapo akawaleta na hao. Kama angekuwa na nafasi. Si lazima. Nasema tu meza ipo."

Duane alimbana Arlys bega. Kwa watu wengine hayo ni maelezo ya samani. Kwa watu wa kule, mzee alikuwa amepiga magoti.

"Ni meza nzuri," Arlys akajibu. "Naikumbuka."

"Na nguzo ilikuwa futi arobaini," Vernon akaongeza. "Mwakani nitaleta picha."

Walipoondoka wote, mmoja mmoja, kila mmoja akiaga mara tatu, ilikuwa saa saba kasorobo. Arlys akakitoa kijikofia, akabonyeza Funga mkutanoni pasipo na mtu, kwa ajili ya kukisikia tu. Kikasema tk.

Duane akafungua droo ya mikate. Simu ilikuwa na miito tisa ya Kristin. Arlys alimpigia amesimama, akizunguka meza.

"Mkataba wa mikutano kumi na minne haupo tena," Kristin akasema. "Unajua hilo."

"Najua."

"Ukumbi mara moja kwa mwaka, na ile meza. Labda na wilaya mbili zitataka hivyo hivyo. Labda tatu. Sikuahidi." Kisha akauliza: "Chupa ya sabuni, Arlys?"

"Ni sabuni nzuri, Kristin."

Kristin aliguna, guno ambalo kwa jitihada lingeweza kuitwa kicheko, akakata.

Mkutano mmoja kwa hakika, mitatu kwa labda. Arlys akahesabu kwenye vidole, vikabaki vingi. Haikuwa kazi ya kuishikia nyumba. Haikuwa pia barua pepe yenye maua. Simu ikatetemeka tena mkononi mwake kabla hajaiweka, na jina lililotokea lilikuwa la LaVonne. Habari kule huwa hazisubiri barabara kufunguliwa.

Arlys akakitazama kibao. Vitufe kumi na viwili, na hakuna hata kimoja cha kumzima LaVonne.

"Nimesikia kwa binamu yake Dale," LaVonne akaanza bila salamu. "Ni vitambaa vya jikoni na soksi za kanisani. Soksi za kawaida sipigi pasi. Nilitaka lijulikane."

"Limejulikana, LaVonne. Samahani."

"Chumba nimeshakipaka rangi. Mnakuja lini?"

Arlys aliangalia dirishani. Theluji ilikuwa imepungua kiasi cha kuonyesha kioo kimoja cha gari la Duane. Kisigino chake kilikuwa kinapiga sakafu, tk, tk, tk, na Duane, bila kuulizwa, alikuwa ameshakigeuza kibao kifudifudi juu ya sahani chafu na kukifungua skrubu, anatafuta pa kuchomelea taa nyingine, ya kusema kweli.

"Hatuji," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kule na neno hilo peke yake lilikuwa kali mno: "Si kabla ya Julai, nadhani."